Vidonge vya Bahasha

Tangu afe binti yake Sandrine, Maman Patricie wa Nkanka hatii mkate kinywani. Sandrine alipougua, kila jirani aliyekuja kumwona alibeba mkate, ndiyo heshima, na Patricie aliuchovya katika chai akamlisha mwenyewe. "Maman, ongeza kidogo," Sandrine alikuwa akisema. Na akazidi kukonda. Alikuwa kaburini tayari daktari alipompima mtoto aliyemwacha, Gracia, akasema utumbo wake haupatani na ngano, na kwamba ugonjwa huo hutembea katika damu ya ukoo. Patricie hakuuliza umetoka kwa nani.

Msimu huu vumbi lilimvimbisha Gracia macho, akajikuna hadi damu. Patricie akapanda mjini Kamembe, kwa Jean-Paul wa duka la dawa. Jean-Paul akashika mkasi, akakata vidonge kumi vya mzio, akavitia katika bahasha ndogo. Ndivyo wanavyouza pale. Boksi zima nani ananunua?

"Nionyeshe karatasi yake, ile ya maelezo," Patricie akasema.

"Maman, karatasi haimezwe."

"Sikukuomba ya kumeza. Leta."

Mama mmoja nyuma yake akacheka. "Huyu iko nafanya examen ya shule."

Patricie akaipokea karatasi. Alivaa miwani. Kifaransa alichochapiwa fimbo shuleni Bukavu hakijamtoka, na neno alilolitafuta lilikuwa moja: unga wa kugandishia kidonge, ni wa mahindi au wa ngano?

"Hii ni ya mahindi," Jean-Paul akasema. "Ile ya kampuni ingine, nimechanganya nayo, sijue. Boksi nilishatupa."

"Na hizi umekata, ni za ipi?"

Jean-Paul akaiweka kando ile bahasha.

Akaleta dawa ya maji, chupa haijafunguliwa. Patricie akaisoma karatasi yake kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akaketi mpaka Jean-Paul alipowapigia simu walioiingiza nchini, nao wakajibu: ngano haimo.

Nyumbani, jua likiwaka uani, Gracia alimeza kijiko kimoja, akalamba midomo. Ilikuwa tamu.

"Koko, ongeza kidogo."

Bibi yake akamsikia Sandrine. Mtoto huyu alikuwa hajui hata kutambaa mama yake alipokufa. Sauti ile hakufundishwa na mtu.

Patricie akafunga kifuniko. Akaikunjua tena ile karatasi, akaanza kuisoma kutoka mstari wa kwanza, kwa sauti, taratibu, kama anayemjibu binti aliyesimama nyuma yake.