Ukifukuza Ndege Zinaenda kwa Jirani

Huku kwetu upande wa Ikutha, mtoto akipotea shule wakati mtama unaiva, hakuna mtu anauliza kama ni mgonjwa. Kuna watoto wanaenda shule na kuna watoto wanaenda ndege, kuzifukuza shambani. Tulipokuwa gredi ya tisa, mwenzangu wa dawati alienda ndege.

Mamake ndiye alikuwa anatupikia muthokoi shuleni, ile mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa sufuria kubwa mpaka akiinama kuikwaruza unaona viatu tu. Halafu akaugua, akapelekwa Kitui, akafanyiwa operesheni. Akaambiwa asishike jembe, asiinue ndoo, asipige hata kelele. Baba yao alikuwa ameshakufa. Kwa hivyo mtama wote ulibaki kwa huyo kijana. Alfajiri yuko juu ya kajukwaa ka miti na kombeo, jioni bado yuko pale. Na ndege za mtama si kuku. Zinakuja kama wingu, zikikaa kwa shamba lako asubuhi moja, wewe utavuna majani.

Sasa mwalimu wa kilimo alikuwa ametutangazia projekti. Jumatatu kila mtu atengeneze bustani ya gunia, hapo nyuma ya jikoni, yeye akiona. Alama zinaongezwa kwa mtihani wetu wa mwisho.

"Asiyekuwepo nitamwandikia sufuri," akasema. "Mimi siwezi kupima kiti."

Nikaangalia kiti cha mwenzangu wa dawati. Kilikuwa kitupu na kimeanza kuwekwa mabegi.

Wiki hiyo hiyo tukaambiwa tuchague kazi ya kusaidia jamii. Darasa lote likasema miti. Kila mwaka ni miti. Inapandwa, tunapigwa picha, halafu inakufa.

"Mwalimu," nikasema, "ile ya mwaka jana imebaki vijiti vya kuchokoa meno."

"Wewe mwenye mdomo, leta wazo lako."

Sikuwa na wazo. Nilikuwa na mdomo tu. "Twende tukafukuze ndege kwa mpishi."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akaangalia kile kiti, akasema, "Leo jioni. Kila mtu abebe kitu cha kupiga kelele."

Mimi nilibeba kifuniko cha sufuria. Wengine walikuwa na debe, filimbi, kipande cha mabati. Shamba ni karibu, ukivuka tu mto wa mchanga umefika. Tukaingia mbio tukipiga nduru, na ndege zikaruka zote mara moja, hewa ikavuma. Tukaanza kushangilia kama tumeshinda kombe.

"Tokeni! Tokeni, mnakanyaga!"

Ni jamaa yetu, yule wa dawati langu, juu ya kajukwaa. Tukaangalia chini. Tulikuwa tumelaza mistari mizima ya mtama wa mamake.

"Ndege zikikula zinabakisha," akasema. "Nyinyi mmekuja kama ng'ombe."

Kabla hatujajibu, mzee akatokea kwa ua wa miiba, anachechemea na fimbo. Ni jirani yao. Watoto wake wako Nairobi na Mombasa, anaishi peke yake, na kila mtu anamwita Umau, yaani babu. Nyuma yake mtama wake ulikuwa umejaa zile ndege zetu.

"Nani amewatuma mniletee ndege?"

"Umau," nikasema, "sisi hatujazituma. Zinatafuta hoteli tu."

"Na wewe ndio weita?"

Wenzangu wakaanguka kwa kicheko. Mzee hakuwa anacheza. Alisema anaenda kwa chifu, anaenda kwa hedimasta, anaenda mpaka kanisani atutaje mbele ya watu. Mwalimu akajaribu kueleza mambo ya huduma kwa jamii. "Jamii gani?" mzee akamuuliza. "Kwani mimi ni mbuzi?"

Hapo jamaa yetu akashuka. Huyu ni mtu ambaye darasani akiulizwa swali anaangalia meza mpaka swali lipite. Akaondoa kofia, akasalimia vizuri.

"Umau, tusamehe. Lakini hata kabla hawa wakuje, mimi nilikuwa nakurushia ndege, na wewe unanirushia. Tangu mama aende hospitali."

"Kwani unafikiri sijaona?"

"Najua umeona. Sikuwa na la kufanya. Niko peke yangu."

Mzee akageuza fimbo kidogo kwa mchanga. "Hata mimi niko peke yangu," akasema, na sauti haikuwa tena ya kwenda kwa chifu.

Kijana akaona mlango umefunguka, akaingia. Akasema sisi wanafunzi tutalinda mashamba yote mawili, alfajiri kabla ya kengele na jioni tukitoka. Wakati tuko darasani, Umau alinde yote mawili.

"Na mguu huu? Nitaruka kama sungura?"

"Hutaruka. Utakaa kwa kiti. Tutafunga kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya mikebe. Ukivuta moja, shamba lote linalia."

Mzee akageuka. "Nitafikiria," akasema, akarudi kwake.

Sasa, wazee wetu wakisema watafikiria, inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa wameenda kulala. Lakini Jumamosi tulikuja hata hivyo. Ilikuwa mwethya kamili, ile kazi ya kusaidiana ya mama zetu, ila hakuna aliyetupikia. Tukasokota kamba za katani, tukafunga mikebe ya mafuta ya kupikia, tukavuta kamba za mashamba yote mawili mpaka mpakani, tukaweka kiti hapo kwa kivuli. Jamaa yetu ndiye alikuwa bosi. Prefekti wa darasa alijaribu kutoa amri, akatumwa kuokota mawe. Hata mwalimu akaambiwa, "Mwalimu, wewe kaa pale kona, na usisimame, shati yako inang'aa." Mwalimu akaenda akakaa.

Mimi nikawekwa mbali karibu na mto. "Wewe unyamaze," akaniambia.

"Ninyamaze? Si mnataka kelele?"

"Ukipiga saa zote, ndege zinakuzoea, kama vile walimu wamekuzoea. Ngoja zishuke chini kabisa, ndio upige."

Nimefukuzwa darasani mara nyingi kwa sababu ya kelele. Hakuna siku mtu alikuwa ameniambia kelele yangu ina saa yake. Nikakaa nimekumbatia kifuniko, nauma mdomo, na lile wingu linazunguka juu. Zikashuka. Nikapiga. Zikapaa mpaka ng'ambo, na yeye kule juu akaniinulia mkono.

Alfajiri ya Jumatatu tulilinda wote. Umau hakuonekana. Kengele ya shule ikalia, tukaanza kuondoka, jamaa yetu akabaki amesimama kati ya kamba.

"Twende," nikamwambia.

"Nani atabaki?"

"Mzee atakuja."

"Amekuambia?"

Nikamwachia maji yangu, nikaenda.

Nyuma ya jikoni kila mtu alikuwa na gunia, udongo na mbolea. Mwalimu alikuwa ameanza kupita na kalamu wakati kijana alitokea anahema. Akafungua mdomo kusalimia, hakukutoka kitu. Sauti ilikuwa imeishia kwa ndege.

"Amekuja?" nikamuuliza.

Akanong'ona, "Amekaa kwa kiti. Hajasema kitu. Hajagusa kamba."

"Si amekaa? Weka udongo."

Hakuweka. Alisimama na gunia tupu mkononi, uso umeangalia mto. Saa hiyo ndiyo ndege zinakula sana. Tuliona wingu likipita juu ya miti ya ng'ambo, likashuka. Mwalimu akamfikia, akaangalia gunia, akaangalia saa, akamruka, akaenda kwa wa mbele. Nikajua akirudi ataandika ile sufuri. Kijana akaliweka gunia chini, akageuka kwenda.

Mikebe ikalia ng'ambo. Si kidogo, ilikuwa kama duka la vyombo limeanguka. Halafu sauti ya Umau ikatufikia, kali:

"Wezi nyinyi! Mnakula kama mlilima! Vukeni mto Athi mwende Makueni! Huko kuna maembe! Endeni mkawasumbue hao!"

Wingu likapaa. Mikebe ikalia tena upande wa shamba la mpishi, na matusi mengine yakafuata, mengine siwezi kuandika kwa sababu mamangu anaweza kusoma. Shule nzima ilikuwa inacheka. Mwalimu alifunika mdomo na kitabu chake.

Jamaa yetu hakucheka. Alisikiliza mpaka mikebe ikanyamaza. Kisha akarudi, akapiga magoti, akafungua mdomo wa gunia.

"Nipatie hiyo koleo," akaninong'oneza. "Haraka, mwalimu anarudi."