Shada la Mchungaji Bagula

Kampire ni jirani yangu hapa Newburg, Marekani, na nampenda, lakini kwa kudanganya kwenye mchezo hana mpinzani. Kanisani yeye ndiye wa protokoli: mgeni akija, anamvisha shada la majani shingoni, kama alivyofanya kwenye kambi ya wakimbizi. Muumini mwenzetu Veridiana alikitaka cheo hicho, yeye na maua yake ya plastiki. "Akikosea mara moja tu, nakichukua," alitangaza. Kampire akawa hapati usingizi.

Basi mchungaji Bagula akawa anakuja kutoka Buffalo kwa semina. Mtu mzuri, ila akishika maikrofoni, chakula kinachacha.

Mimi na Kampire tukaenda kutafuta majani kwenye kijipori nyuma ya apatimenti, pamoja na mjukuu wake Gentille. Ilikuwa Oktoba, miti imegeuka rangi. Mtoto alikuwa na mchezo wa shuleni: anakuonyesha jani, unakimbia kuushika mti wake. Kampire alikimbia kabla ya kuonyeshwa. Jani jekundu lenye ncha tano, maple. La kahawia lenye mawimbi, mwaloni.

"Donc, yaani huu ndio mwaloni wa Abrahamu?" akashangaa. "Kumbe mzee alikaa chini ya kitu cha hivi hivi!"

Ndipo akaona mmea unaotambaa juu ya mti, majani matatu matatu, mekundu ajabu. Gentille akapiga kelele kwa Kiingereza, akimvuta gauni. Mimi nilielewa "no" tu, na neno hilo mtoto huyo huuambia hata ugali.

"Ana wivu, nimemshinda!" Kampire akauchuma wote, akaukumbatia.

Ijumaa Bagula akavishwa shada la majani hayo. Alipendeza, jamani! Kesho yake mikono ya Kampire ikajaa malengelenge. Gentille akamwonyesha picha ya ule mmea kwenye simu: sumu inayowasha ngozi. Kampire akalia. "Veridiana amenipata."

Jumapili Bagula alipanda madhabahuni shingo imevimba. Akasoma mstari, akajikuna. Akasema "Bwana," akajikuna. Akafunga kwa sala, akakimbizwa hospitali. Tukala wali ungali moto, jambo ambalo kanisa lile halijawahi kuona.

Kwenye kikao cha kanisa Veridiana akasimama na mfuko wake wa maua ya plastiki. "Amemtilia sumu mtumishi wa Mungu! Anayetaka Kampire abadilishwe anyooshe mkono."

Akanyoosha peke yake.

Mzee Azarias, mwenyekiti, akakohoa. "Bon, sawa. Krismasi anakuja askofu wa Columbus. Yule anayehubiri mpaka jioni."

Watu wote wakamgeukia Kampire. Akafuta machozi, akamwinamia Gentille.

"Mjukuu wangu, wakati wa theluji mmea ule unabaki?"