Fundi Aliyekwenda Dukani na Tofali

Mtaani walimwita Hebu Nione, na jina hilo hakulichukia. Kila alichopewa, hata kama ni kikombe cha chai kutoka kwa ndugu yake wa damu, alikigeuza kwanza, akakinusa au kukigonga kwa ukucha, kisha akasema, "Hebu nione." Kazi yake ilikuwa kufunga rafu na fimbo za mapazia kwenye nyumba za watu, na katika kazi hiyo shaka si dhambi. Rafu iliyofungwa na mtu asiye na shaka humwangukia mwenye nyumba kichwani.

Shaka yake ilikuwa na mzazi. Zamani aliwahi kununua drili kando ya barabara, kwa mtu mwenye ulimi wa asali. Boksi lilikuwa jipya, limezibwa gundi vizuri, tena zito mkononi. Alipolifungua nyumbani mbele ya mkewe, alikuta ndani kipande cha tofali kilichoviringishwa gazeti. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku hiyo ni yeye aliyekwenda dukani na tofali.

Msidhani natania. Drili yake ya waya ilipoungua mota na ikambidi atafute nyingine, alitia mkobani nusu tofali, jiwe moja, na biti yake mwenyewe ya kutobolea kuta, ameifunga kitambaa kama dawa ya mgonjwa. Biti za dukani hakuzitaka kabisa. Alisema biti ya dukani na drili ya dukani ni mtu na mpwawe, hazitoleani siri.

Safari hii alitaka drili ya betri, ile inayozunguka huku ikigonga, yenye nguvu ya kuingia kwenye mawe. Mama yake alikaa ghorofani katika nyumba ya mawe, na ngazi ya kushukia uani ilikuwa nje, mawe matupu, haina pa kushika. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kugoma. Bomba la chuma la kufanyia mshikio lilikwisha kukatwa na kupakwa rangi, limeegemezwa ukutani likingoja matundu tu. Umeme kwenye ngazi ile ungepatikana kwa kuomba kuchomeka waya kwa mpangaji wa chini, na mpangaji wa chini, kwa maoni ya Hebu Nione, alikuwa na macho ya mtu anayehesabu vitu vya wenzake. Kwa hiyo betri.

Katika duka la kwanza muuzaji alimsomea maandishi ya boksi: hii hugonga mara elfu kadhaa kwa dakika.

"Nani alikaa akazihesabu?" akauliza Hebu Nione.

Akaipima betri kiganjani, akaiona nyepesi mno kuwa ya kweli. Akaambiwa mota haina brashi, haitoi cheche, basi akaivika drili koti lake na kuchungulia matundu ya hewa gizani humo. Cheche hakuziona, na jambo hilo pia likamtia wasiwasi. Mwisho akatoa vitu vyake mkobani, akafunga biti yake, akazungusha pete ya drili hadi kwenye alama ya nyundo, akabonyeza. Tofali lilitoboka kwa kusuasua. Jiwe halikutoboka. Lilinuka moshi na kupata kipara kidogo kinachong'aa.

"Feki," akasema, akafungasha.

Duka la pili mambo yakawa yale yale, ila muuzaji wa huko alikuwa na mdomo. "Bwana, hata mke hachaguliwi hivi."

"Mke hatoboi jiwe," akajibu, akaenda zake akiwa amethibitisha kwamba wafanyabiashara wa mji ule ni kitu kimoja.

Alipitia kwa mama yake kumjulia hali. Uani, kwenye kamba ya nguo, lilikuwa limeanikwa gauni alilomnunulia mama majuzi tu, na sehemu ya kukalia ilikuwa imesagika mpaka nyuzi zinaonekana. Damu ikamchemka. Alilivuta, akalinyoosha kwenye jua.

"Waliniuzia kitambaa kibovu," akamwambia mdogo wake wa kike, aliyeishi na mama na ndiye aliyekuwa akifua. "Au wewe unalisugua kwa mawe?"

Mdogo wake aliendelea kukamua nguo. "Kitambaa hakina kosa, kaka. Mama anashuka ngazi kwa makalio. Anakaa, anateremka, anakaa tena. Hataki nimshike, anasema tutaanguka wote. Nikamwambia asishuke, akasema huko juu ataongea na nani."

Hebu Nione aliitazama ngazi. Akamwona mama yake, mwanamke aliyewahi kubeba ndoo kichwani bila kuishika, akiteremka kwa makalio kama mtoto. Aliona aibu, na aibu hiyo hakupata wa kumsukumia. Aliliacha gauni, akatoka bila hata kuaga.

Duka la tatu lilikuwa la mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakumsomea boksi. Alimsogezea drili mbili mezani akamwacha azigeuze, azinuse, azivike koti. Alipotoa tofali, mama yule aliinua nyusi tu. Biti ikafungwa, drili ikanguruma, jiwe likapata kipara cha tatu.

"Feki hii nayo," akasema Hebu Nione, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Biti hiyo ya nani?"

"Yangu. Hiyo haina shaka. Nimefanyia kazi miaka."

"Ndiyo maana nauliza." Akanyoosha mkono, akapitisha ukucha kwenye ncha. "Fundi, hapa mbele palikuwa na kipande cha chuma kigumu. Kilishaliwa, kimebaki kitako chake. Kwenye plasta utajiendea. Kwenye jiwe unapiga pasi."

Hakuamini. Aliona mtego: angeletewa biti mpya, na drili ingebadilishwa chini ya meza. Akashikilia ile ile aliyoikataa, akaikumbatia kifuani wakati mama yule akifungua pakiti, akafunga biti mpya kwa mkono wake. Kisha akalaza jiwe mezani, akaliegemea kwa uzito wake wote kama alivyozoea.

Drili haikuhitaji uzito wake. Ilipita kwenye jiwe, ikatokea upande wa pili, ikaendelea kwenye meza ya duka.

Vumbi lilipotulia, mama yule aliinama akachungulia tundu. "Hili nitaliacha," akasema. "Wakija wengine na matofali yao, nitawaonyesha."

Hebu Nione alinunua drili na biti. Njia ya kurudi ilipita mbele ya yale maduka mawili, na alivuka barabara ili asitazamane na watu aliowaita waongo.

Jioni ile ile, jua likiwa bado ukutani, alitoboa. Drili haikumsumbua. Alipuliza vumbi ndani ya kila tundu, akatia plagi za plastiki za kushikia skrubu, akakaza skrubu, akakaza tena. Alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili, tayari kuning'inia kama popo, mama yake alipotokea juu ya ngazi.

"Mama, ngoja kwanza. Hebu nione kama—"

Mama alikwisha weka mkono. Alishusha mguu, akashusha wa pili, amesimama wima. "Nani kalifunga?"

"Mimi."

"Basi unataka kuona nini tena?"

Akaendelea kushuka, bila kuutikisa mshikio hata mara moja, huku akimuuliza habari za mkewe. Machozi yalimlenga Hebu Nione, na safari hii hakutafuta wa kumlaumu. Alishuka kinyumenyume mbele ya mama yake, ngazi kwa ngazi, viganja vyake vimetandazwa chini ya bomba bila kuligusa, mpaka walipofika uani.