Gari la Mkunga Lachemka Tena

Mara ya tatu gari la mkunga lilipoingia gerejini, lilikuwa likivutwa kwa kamba na lori la mchanga, na mkunga mwenyewe, aliyeshika usukani, alianza kufoka kabla magurudumu hayajasimama.

"Yuko wapi Pilipili? Mtoeni huko alikojificha!"

Pilipili hakuwa amejificha. Alikuwa chini ya pikapu, amelalia kipande cha boksi. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu fundi huyu wa injini hakuwa na subira na mtu wala na bolti. Akajiburuta nje, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Asubuhi hii nilikuwa na mjamzito kiti cha nyuma. Uchungu umemshika, foleni haisogei, mshale wa joto unapanda, mara mvuke huo, puuu! Nimemshusha juani, nikampakia kwenye pikipiki ya mtu nisiyemjua, nikamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali. Amejifungulia mlangoni, Pilipili. Mlangoni!"

"Mtoto?"

"Mzima. Kwa rehema za Mungu, si zako." Mkunga akabamiza mlango wa gari. "Nina wengine wawili wanaohesabu siku. Yeyote anaweza kunipigia hata sasa. Niambie leo hii, gari hii inapona au haiponi?"

Kabla Pilipili hajajibu, kaka yake, fundi umeme, akasema kutoka kwenye meza yake bila hata kuinua kichwa: "Ni gasketi. Dada aliifunga vibaya. Afungue injini upya, basi."

Hapo damu ikampanda Pilipili hadi utosini. Mara ya kwanza gari lilipochemka, ni yeye aliyetoa gasketi iliyoungua, bamba jembamba linalotenganisha maji na moto wa injini, na kufunga mpya. Mara ya pili alizibua rejeta, kipoza maji ya injini. Kazi zote mbili alizifanya kwa mikono yake, taratibu, bolti moja moja. Na kufungua injini upya ni kazi ya siku mbili, siku ambazo mkunga hakuwa nazo.

Angemwambia aje aifungue mwenyewe, lakini gereji ile ilikuwa na sheria. Baba yao aliwaachia eneo hilo pamoja na agizo moja: injini ni za binti, waya ni za kijana, na mkono wa mmoja usiguse kazi ya mwenzake. Aliagiza hivyo kuepusha shari, maana tangu utotoni wale wawili waligombania hata kivuli.

Basi Pilipili akameza mate, akasubiri injini ipoe. Akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akajaza maji, akawasha. Akayakodolea macho yale maji. Hakuna mapovu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: oili safi, haina weupe wa maji. Moshi wa nyuma nao haukuwa mweupe.

"Gasketi yangu ni nzima," akasema, meno yamebanana. "Mama, ukiwa barabara kuu, kwenye mwendo, inachemka?"

"Haijawahi. Kule inateleza kama samaki. Ni foleni tu. Na kiyoyozi nacho vilevile: tukitembea kinapoza, tukisimama kinatupulizia jahanamu. Nilimwambia kaka yako, wiki ileile aliyoniwekea feni mpya ya rejeta."

"Na kuchemka kulianza lini?"

"Baada ya hapo. Ndipo akanileta kwako, ukafungua injini."

Pilipili akageuka polepole. Kaka mtu akaweka koleo mezani.

"Feni inazunguka," akasema. "Mwenye macho anaiona."

"Hata mlevi anazunguka, kaka. Swali ni anaelekea wapi."

Gari likiwa mbioni, upepo huingia wenyewe kwa mbele na kuipoza rejeta. Likisimama, hakuna upepo. Feni peke yake ndiyo inayovuta hewa ya nje ipite humo. Pilipili akachana ukurasa wa gazeti kuukuu, akasubiri feni ianze kuvuma, akauweka mbele ya gari, kwenye matundu ya kuingizia hewa. Ulipaswa kunata pale. Badala yake ukatetemeka, ukamponyoka, ukaruka na kutua miguuni pa mkunga.

"Inapuliza nje," Pilipili akasema. "Joto lote la injini inalisukuma mbele, halafu linairudia rejeta. Umegeuza waya. Feni inazunguka kinyume!"

"Plagi yake haikulingana. Nikakata, nikaunga."

"Ukapima?"

"Ilizunguka..."

"Ikaunguza gasketi ya watu, nikalaumiwa mimi!"

Lakini lililomkata maini zaidi ni jingine. Mara mbili alikuwa ameinama juu ya feni hiyohiyo, akaiona inazunguka, asinyooshe hata kiganja kuusikia upepo unakwenda wapi. Feni ina waya, na waya si zake! Akajiona mjinga wa mwisho. Akaenda mezani, akachukua koleo.

"Usiguse," kaka akasema. "Baba alisema..."

"Baba hakuwahi kumshusha mjamzito juani!"

Akakata waya mbili za feni, akazibadilisha, akaunga, akazungushia tepu. Feni ilipovuma tena, ukurasa ukanaswa, pap! ukabaki palepale kama umegundishwa.

Mkunga akamgeukia yule kaka. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Miaka ishirini na minane nazalisha, neno 'sijui' halijawahi kuniulia mtu. Hilo lako la 'ilizunguka' ndilo linaloua." Kisha kwa Pilipili: "Ingia. Mimi siamini majaribio ya uani kwenu. Tunakwenda kwenye foleni."

Saa sita mchana makutano yalikuwa yamefunga kabisa. Wakakaa kati ya malori mawili robo saa nzima, macho yote kwenye mshale. Ukapanda hadi katikati. Ukakaa hapo. Mkunga hakusema asante.

Simu ikalia.

"Chupa imepasuka saa ngapi? Lala kwa ubavu, usinyanyuke. Nakuja." Akakata, akamtazama Pilipili. "Shuka."

"Hapa katikati ya magari?"

"Nahitaji nafasi, na ovaroli lako linanuka oili. Shuka!"

Akashuka. Foleni ikasogea, gari likaondoka naye akibaki wima barabarani, honi zikimlilia pande zote.

"Unatafuta kifo, dada?" dereva mmoja akapayuka.

"Tafuta breki zako kwanza!"

Hakuondoka mpaka gari la mkunga lilipokata kona. Boneti haikutoa hata uzi wa mvuke. Ndipo akaanza kurudi kwa miguu. Maneno ya kumwambia kaka yake alikuwa nayo tele, na njia ilikuwa ndefu ya kutosha kuyanoa yote.