Jiko Kando ya Kitanda cha Mzazi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya mvua. Ile mvua ya Mwanza inayotoka ziwani na upepo wake, ikigonga mabati mpaka watu wawili mlioko chumba kimoja mnaongea kwa kupigiana kelele. Nilikuwa binti bado. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza siku chache tu nyuma, na nilikuwa nimelala kitandani nikihudumiwa kama malkia. Usicheke. Mwanamke aliyejifungua ni malkia kwa muda mfupi, akishapata nguvu anarudi kuchota maji kama wenzake.

Tulikuwa tumepanga Mkuyuni, mimi na mume wangu Pontian, chumba na sebule. Pontian alifanya kazi kiwandani Nyakato, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi kwetu Mara, baba yangu mvuvi. Yeye kwao Bukoba. Habari za mtoto zilipofika huko, mama yake hakungoja kuitwa. Alipanda meli, akashuka bandarini na mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna, na mablanketi ya kutosha kulaza bweni zima la shule.

Mama mkwe huyo, ambaye wote tulimwita Mama Pontian, nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia supu, alifua nepi na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo hata mvua haikuishinda. Kuhusu mtoto alikuwa na hofu moja tu, nayo ni baridi. Jambo lingine lolote halikumtisha. Kwa hiyo alifanya kama alivyofanyiwa yeye na mama zake: alileta jiko la mkaa chumbani, akaliweka kando ya kitanda changu.

Nataka unielewe vizuri hapa. Mama huyu hakuwa mzembe. Jiko aliliwasha nje barazani, akalipepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka moshi wote ukaisha na mkaa ukawa mwekundu, ndipo akaliingiza ndani. "Moshi mbaya kwa mtoto," aliniambia. "Hili halina moshi." Na kweli halikuwa na moshi hata kidogo, lilikuwa linapendeza kulitazama. Akafunga dirisha la mbao, akaziba nyufa zake kwa magazeti. Na kwa kuwa upepo ulikuwa ukipita chini ya mlango, alipotoka kwenda kuchemsha ndizi jikoni nyuma ya nyumba, alikunja khanga kuukuu akaisukumiza pale chini kwa nje, ikaziba kabisa.

Mwanzoni ilikuwa raha. Joto lilinipanda kuanzia miguuni, mtoto amelala ubavuni kwangu, nje upepo unavuma na mimi haunipati. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma kwenye kipaji cha uso. Nikadhani ni uchovu wa uzazi. Kisha kichefuchefu, na mwili ukawa mzito, mkono wangu mwenyewe nauona kama wa mtu mwingine. Mama Pontian alichungulia mara moja, nikamwambia kichwa kinaniuma, akasema, "Lala, mwanangu, usingizi ndiyo dawa yako." Akamtazama mtoto, akafurahi. "Mpole huyu! Halii hata kidogo." Akarudishia mlango na khanga yake.

Mtoto alikuwa amepitisha wakati wake wa kunyonya. Hilo nililijua. Niliwaza kwamba nimwamshe, nikawaza tena, na kati ya kuwaza na kunyanyua mkono pakawa na safari ndefu ambayo sikuweza kuianza.

Aliyetuokoa alikuja kutuona tu, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Ni Bibi Minza, mwenye nyumba wetu, Msukuma wa Misungwi, mama mfupi mwenye sauti ya upole ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea mpangaji, hata yule aliyemwaga maji machafu kwenye bustani yake ya mchicha. Alipiga hodi, akausukuma mlango, khanga ikaburuzika sakafuni. Nilimwona pale mlangoni kama mtu aliyesimama ndani ya maji. Nikajikaza kumwambia, "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia.

Wewe unajua maana ya mzee kutoitikia shikamoo. Kwa akili yangu iliyolewa nilidhani nimemkosea. Alitazama jiko, akatazama dirisha, akatazama mtoto. Kibuyu alikiachia kikamwagika. Akamnyanyua mwanangu, akatoka naye mbio mpaka barazani, kwenye upepo na manyunyu.

Mama Pontian alitoka jikoni na mwiko mkononi. "We mama! Unampeleka wapi mtoto wa watu kwenye baridi hiyo? Unataka kuniulia mjukuu?"

"Mtoe na mama yake," Bibi Minza alisema. "Mtoe kwanza, utanigombeza baadaye."

Nilijaribu kusimama mwenyewe, miguu ikanikatalia, nikaanguka karibu na mlango. Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoona kwamba kuna jambo. Alinishika makwapani akaniburuta mpaka nje. Nikiwa nimelala kwenye saruji iliyolowa, nilimwona mwanangu mikononi mwa Bibi, kichwa kimelegea, midomo haina uhai. Bibi alimsugua mgongo, akampulizia usoni, akamgonga nyayo kwa vidole. Mama Pontian alipiga magoti akaanza Salamu Maria, akaikatiza katikati, akaianza tena upya. Mimi sikusali. Nilimtazama mtoto tu, na nilikuwa naogopa kupepesa macho.

Kisha akakunja uso. Akakunja ngumi. Akapiga kelele, mwanangu, kelele moja kali ya hasira, na baada yake nyingine, mpaka wapangaji wote wakatoka vyumbani. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile, wala sitaisikia tena. Mama Pontian alikaa chini palepale kwenye maji, mwiko bado mkononi, akacheka na kulia.

Bibi Minza ndiye aliyenigeukia mimi. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Jirani mwenye pikapu alitupeleka hospitali. Tuliwekewa oksijeni, mimi na mtoto, tukaangaliwa mpaka kesho yake, tukaambiwa tumepona. Pontian alitukuta huko na nguo za kiwandani, hajui amkumbatie nani kwanza, akaanza na mama yake.

Tuliporudi nyumbani, Bibi Minza alikuja tena na maziwa mengine. Mama Pontian alikuwa amejikunyata kwenye kona, hata wimbo hakuna. Mimi nilitegemea asemwe sana. Bibi akaketi mkekani karibu naye, akaanza kusimulia habari za kuku.

"Nilipokuwa Misungwi nilifuga vifaranga," alisema. "Msimu wa mvua nikawawekea jiko bandani, limekolea vizuri, halina moshi. Nikazungushia magunia pande zote wasipate baridi. Asubuhi nikawakuta wamelala. Wote. Manyoya safi, hakuna jeraha wala damu. Nikasema nimerogwa, na jina la jirani aliyeniroga nikalitaja mbele za watu. Bwana mifugo alipokuja aliniuliza swali moja tu: 'Mama, hapa hewa inapita wapi?'"

Akamimina maziwa kikombeni.

"Mama Pontian, wewe uliwasha lile jiko kwa upendo, hilo nalijua. Lakini moto nao unavuta hewa kama sisi. Ukiufungia na mtoto chumba kimoja, wanagombania hewa, na moto hauchoki. Halafu mkaa unatoa sumu, haina rangi, haina harufu. Ukiona moshi umeisha, usidhani na sumu imeisha."

Huo ndio ulikuwa ukali wake wote. Mama mkwe wangu aliinua uso kutoka kwenye kona yake. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hao vifaranga, walikuwa wamelala tu?"

"Wamelala tu."

Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo hata Pontian alikuwa halijui vizuri. Kabla ya Pontian alizaa binti. Wakati huo mumewe alikuwa amemaliza nyumba mpya ya matofali na mabati, ya kwanza pale kijijini, ina milango inayofunga sawasawa, watu wanakuja kuishangaa. Mvua ikanyesha, jiko likaingizwa, madirisha yakafungwa. Mtoto alilala, hakuamka. Jana yake wifi yake, Leokadia, dada wa mumewe, alikuwa amempakata yule mtoto na kumsifia uzuri wake. Basi ikasemwa ni jicho la Leokadia. Tangu siku hiyo Mama Pontian hakula chakula chake wala kuketi naye benchi moja kanisani. Na Leokadia alikuwa mjane asiye na mtoto, nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la migomba.

"Mama zangu walituwekea moto," alisema, "na hatukufa."

"Mama zako walikaa nyumba za nyasi," Bibi Minza akamjibu. "Nyumba ile ilikuwa inapumua yenyewe."

Sisi hatukuweza kujua kwa hakika kilichomuua yule binti, na hakuna aliyejifanya anajua. Lakini nilimwona mama mkwe wangu akitua mzigo alioubeba tangu ujana wake, na mara hiyohiyo akinyanyua mwingine, wa aibu. Alilia mpaka khanga ikalowa. Hatukumnyamazisha.

Alirudi Bukoba na meli. Hatukumuuliza atafanya nini. Ulipofika ubatizo wa mtoto wetu, Novatus, tulikwenda bandarini kumpokea, na nyuma yake akashuka mama mwembamba aliyevaa gauni la kijani, ameshika mkono wake kwa woga wa ngazi. Mama Pontian hakututambulisha. Alimchukua Novatus kutoka mgongoni kwangu, akamweka mikononi mwa yule mama, akasema, "Mpakate, wifi. Msifie mpaka uchoke." Leokadia alimtazama mtoto, akamsogeza karibu na uso wake. Novatus akamshika pua.

Sasa Novatus ana mvi kidevuni, na juzi binti yake amejifungua kule Nyakato. Nimekwenda kumwona, nikakuta dirisha limefungwa na jiko la mkaa liko kwenye korido, linasubiri kukolea. Nimelitoa nje mwenyewe na magoti yangu haya mabovu. Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu, hata wewe nisiyekujua.

Jiko la mkaa lisilale na mtu. Si la kumpasha mzazi joto, si la kukausha nguo, si la kuondoa unyevu, hata likiwa jekundu kama jua linalozama. Ukitaka kumpasha kichanga joto, mvue, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, jifunikeni blanketi moja. Kifua cha mama hakijawahi kumnyima mtu hewa. Pikia mahali hewa inapoingia na kutoka, na ukiweza kununua gesi, nunua, usione ni maringo. Kichwa kikikuuma karibu na moto, usilale, toka nje, kisha nenda hospitali.

Na ukishatoka nje, angalia na huko. Naona vijana mnakusanya takataka asubuhi, mnachoma chupa za plastiki na matairi chini ya dirisha la jirani, halafu mnashangaa watoto wa mtaa mzima wanakohoa. Ukuta wa nyumba yako hauzuii hewa ya mwenzako. Takataka zipelekwe zinakochukuliwa. Moshi wa mabomba ya viwanda huwezi kuuzima peke yako, nalijua, Pontian aliuvuta miaka mingi na kifua chake kikaugua. Lakini mkutano wa mtaa upo. Nenda, kaa mbele, sema. Vumbi la barabarani linapungua ukipanda nyasi na miti, na mti hauombi mshahara.

La mwisho ni hili, nalo ndilo lililonifanya nisimulie habari ndefu namna hii. Mtu akiugua au akifa nyumbani kwako, kabla hujataja jina la jirani, uliza kwanza lile swali la bwana mifugo: hapa hewa inapita wapi? Mama yangu mkwe alichelewa kuliuliza, na nashukuru hakuchelewa kabisa. Walizeeka pamoja na wifi yake, wakitafuna kahawa benchi moja.

Mungu akupe nyumba inayopumua, mwanangu. Akupe watoto wanaolia kwa nguvu. Na akujalie mikono mingi ya kuwapakata, hata ile uliyokuwa umeikataa.