Bi Mize Hakujificha

Bi Mize Vuai wa Wawi ana orodha ndefu ya watu anaowaombea dua kila baada ya sala ya alfajiri, na majirani huicheka, kwa sababu ndani yake wamo watu wawili wa ofisi ya mikopo. Wazazi wake marehemu, sawa. Mumewe Soud, sawa. Kaka yake Nassor, naye sawa, ingawa yungali hai na kelele zake zinasikika mpaka barabarani. Lakini watu wa mikopo! Jirani mmoja alishamwambia waziwazi, "We Mize, wale si watu wa kuombewa, ni wa kulaaniwa." Bi Mize humjibu kuwa hajui alisemalo, na hapo huanza kusimulia upya tangu mwanzo, atake msikilizaji asitake.

Mwanzo wenyewe ni friza. Umeme wa waya wa baharini ulipofika Pemba na taa zikaacha kuzimika ovyo, wanaume wa Wawi walikaa barazani wakijadili nani apewe sifa, chama hiki au kile. Bi Mize hakujadili. Alikwenda Chake Chake kwenye kampuni moja ya mikopo iliyokuwa juu ya duka la vitambaa, akakopa, akanunua friza kubwa nyeupe na kuiweka kwenye kibanda mbele ya nyumba yake. Asubuhi wachuuzi wa samaki walichukua mapande ya barafu, mchana watoto wa skuli walinunua barafu za ukwaju. Aliwauzia watu wa bendera zote. Aliikumbuka vizuri miaka ile ambayo watu waligomeana hata kuzikana kwa ajili ya siasa, na alisema kwake hapaulizwi kadi. Soud, aliyekuwa fundi mwashi, alipenda kumtania kuwa ameoa tajiri bila ya kujua.

Mwaka wa pili wa mkopo, Soud alianguka kazini akiwa na mwiko mkononi. Hakufika hospitali. Maziko yalijaa, wa chama hiki na wa chama kile bega kwa bega, na kwa hilo Bi Mize anamshukuru Mungu hadi leo. Kisha akaingia eda. Akawa kizuka, kama wajane wote wa kwao: nguo nyeupe, chumba kimoja, pazia mlangoni, hakuna kuonana na mwanamume wa kando, miezi minne na siku kumi. Wanawake wa mtaani walipokezana kibandani kumuuzia barafu, na kila jioni walimletea pesa zake zote, bila ya kupungua senti. Kwa hiyo pesa za kulipia mkopo zilikuwapo. Hilo Bi Mize hulirudia mara mbili ili lisikike.

Tatizo lilikuwa sheria ya kampuni. Mkopaji alitakiwa aje mwenyewe kila mwezi, uso wake ufananishwe na picha, atie saini kwenye daftari. Nassor alipokwenda na pesa ya mwezi wa kwanza alirudishwa nayo. Mwezi wa pili akarudishwa tena, na safari hiyo alitukana kidogo, jambo ambalo halikusaidia kitu. Bi Mize akazitia zile pesa kwenye bahasha, kila bahasha na mwezi wake, akaziweka chini ya godoro.

Halafu akaanza kuja afisa wa mikopo. Jina lake Mabruki, mtu mzima wa makamo, mpole, ana mkoba wa ngozi uliochubuka. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu alisimama nje, na Bi Mize akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Baba, pesa ipo. Mie nna eda. Mwambie mkubwa wako ampokee kaka yangu." Mabruki alisema, "Pole sana mama," akaandika kitu kwenye karatasi, akaondoka.

Mwezi wa nne ikaja pikapu ya kampuni na barua. Vijana wanne wakaibeba friza kutoka kibandani, barafu zikimwagika njiani, wanawake wakipiga kelele, na Bi Mize akisikia yote bila ya kutoka. Nassor akamsomea barua mlangoni. Kulikuwa na faini, na chini yake neno: mkopaji *amejificha* ili kukwepa deni. Kwa mkataba wao, aliyechelewa alipewa miezi sita ya kujitafutia. Aliyejificha hakupewa kitu, mali yake ilipigwa mnada. Mnada wa friza uliwekwa Alhamisi, siku tano baada ya Bi Mize kutoka eda.

Mume hayupo, watoto hakujaaliwa, shamba hana. Friza ikiuzwa, angekula kwa nani? Kwa Nassor, pamoja na kelele zake? Na ule uongo wa maandishi ulimchoma, maana mtaa mzima ulijua alipokuwa.

Alipotoka eda, jambo la kwanza alikwenda kwa Shehe Ridha wa msikitini kwao kuomba barua ya kuthibitisha kuwa alikuwa kizuka. Shehe aliandika kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri. Kisha akavua miwani.

"Bi Mize," alisema kwa upole, "ungeniuliza mapema. Mwenye eda akiwa na haja ya lazima, hutoka mchana, akaimaliza, akarudi kwake kulala. Dini haikukukataza kwenda kulipa."

"Sivyo tulivyolelewa, Shehe."

"Najua. Wala hujatenda dhambi. Lakini kwenda uliruhusiwa."

Bi Mize alitoka pale na barua mkononi na moyo mzito. Njia nzima ya kwenda Chake Chake siku ya Jumatano alijiuliza alikuwa anakwenda kudai nini, ikiwa hata Shehe anasema mlango ulikuwa wazi. Nassor alimwambia anyamaze tu kuhusu hilo, barua ina muhuri, yatosha.

Meneja alikuwa mwanamke kutoka Unguja, Bi Raniya, wa miaka arubaini hivi, sauti ya ofisini. Alimwamkia Bi Mize, akampa kiti, akaisoma barua ya Shehe, kisha akafungua faili.

"Hapa pameandikwa umejificha," alisema. "Mara tatu. Mabruki, njoo."

Mabruki akaja, akasimama. Watu waliokuja kulipa walikuwa wamepanga mstari nyuma yake, na wote wakatega masikio.

"Ulimkuta huyu mama au hukumkuta?"

Wengine wangejikohoza, wakasema hawakumbuki. Mabruki alimtazama Bi Mize, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kumwona uso, akasema, "Nilimkuta, bosi. Mara zote alikuwa nyumbani. Aliniambia pesa ipo na yuko eda."

"Sasa kwa nini uliandika hivi?"

"Fomu ina visanduku vitatu tu. Amelipa, amehama, amejificha. Hakulipa, hakuhama. Nikatia alama kwenye kilichobaki. Nilijua si kweli. Niliogopa kuirudisha fomu tupu, ningeambiwa sikufanya kazi. Kosa ni langu, mama. Nisamehe."

Nassor alifungua kinywa. Bi Mize akamkanyaga mguu, akatoa bahasha nne na kuziweka juu ya meza. Meneja hakuzihesabu. Alizitazama kitambo, zile tarehe zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, kisha akachukua kalamu yake mwenyewe, akapiga mstari juu ya neno lile mara tatu na pembeni akaandika: *alikuwa eda*. Akafuta faini. Akasema friza irudishwe Wawi siku hiyohiyo, kwa gari ileile, na kuanzia mwezi huo mwenye msiba aruhusiwe kumtuma mtu.

"Tia saini hapa tu, Bi Mize, tumalize."

Bi Mize alishika kalamu, akaiweka chini. Nassor alijua kinachokuja, akafumba macho.

"Bi Raniya," alisema, "usinipe haki isiyo yangu. Shehe kaniambia naliruhusiwa kutoka. Mchana, kwa haja. Mie nilikuwa sijui, lakini naliruhusiwa. Ukitaka kuirejesha faini, irejeshe."

Mabruki alitazama viatu vyake. Bi Raniya alifunga faili taratibu, na aliposema, ile sauti ya ofisini haikuwapo tena.

"Mimi nimefiwa na mume mwaka juzi," alisema. "Hukumu hiyo mimi niliijua tangu chuoni nilikosoma Kurani. Nilijua naruhusiwa. Kazini walinipigia simu, benki walinipigia simu, na mambo yangu yaliharibika mengi. Sikutoka, dada. Ruhusa nilikuwa nayo. Miguu ndiyo ilikataa kwenda mahali ambapo sitomkuta."

Bi Mize alimtazama. Miezi minne na siku kumi alikuwa akisema ni eda, ni mila, ni wazee. Akajua pale kitini kuwa hata kama Shehe Ridha angekuja mwenyewe siku ya kwanza kumfungulia mlango, asingetoka. Angekwenda wapi, na Soud hayupo? Akalia, pale mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe, na Bi Raniya akamshika mkono juu ya bahasha zile, na katika mstari mzima wa waliokuja kulipa hakuna hata mmoja aliyewaharakisha.