Mashimo Tisa na Turubai Moja

Watu wakisikia niliwahi kutafuta vitu ardhini kwa mashine, wananiuliza kama niliiona mali aliyoifukia Mjerumani zamani. Sikuiona. Niliona nati, bolti na vipande vya plau, ndoo kwa ndoo. Siku moja tu nilipata kitu ambacho mtu alikuwa anakitafuta kwa moyo wote, na afadhali nisingekipata.

Nilikuwa fundi msaidizi kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali, kule uwanda wa Hanang. Mke na watoto nilikuwa nimewaacha kwetu Tlawi, kwenye baridi yetu na maharage yetu. Mashine yenyewe ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani mwishoni na kitu cha kuvaa masikioni. Kazi yake ilikuwa kutafuta vyuma vilivyodondoka shambani, visije vikavunja visu vya kombaini wakati wa mavuno.

Fundi mgeni aliyekuja nayo alinifundisha wiki nzima. Sahani uipitishe chini chini, polepole, kama mtu anayepiga deki. Ikilia, pita tena kwa kukata msalaba, na pale mistari inapokutana ndipo pa kuchimba. Sepetu iingie pembeni, usije ukakikwaruza kitu. Udongo uweke kwenye gunia kando ya shimo, uuchekeche hapo hapo, upitishe mashine shimoni mara ya pili, ufukie, ndipo uende shimo jingine. Shimo moja, gunia moja. Aliyarudia hayo mpaka yakanikera. Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia kwa Kiiraqw, lugha yetu, ebo, huyu anatufundisha kuchekecha, sisi tuliokulia kwenye ungo! Tukacheka sana. Mgeni naye akacheka, hajui anachekwa yeye.

Mama mmoja wa Kibarbaig, wale wafugaji wa uwanda ule, alikuwa akituletea maziwa pale kambini. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama yangu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota okota. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasimama anaitazama mashine.

"Hii inasikia nini?"

"Chuma, mama. Hata shaba inasikia."

Akaweka kibuyu chini. Akaniambia kwamba kabla uwanda haujawa shamba, boma lao lilikuwa humo ndani, karibu na kisiki cha mgunga. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alifia pale kabla hajatambaa. Mzee mkubwa akifa kaburi lake huinuliwa likaonekana, lakini mtoto mchanga hana alama. Kwa hiyo yeye mwenyewe, watu walipoondoka, alifukua kwa mkono mpaka kiwiko kikazama, akavua bangili yake ya shaba akaiweka ubavuni mwa mtoto. Hakumwambia hata mumewe.

"Sitaki bangili," akasema. "Nataka kujua yuko wapi. Nikipita nijue napita wapi."

Nilijiona bingwa, niseme ukweli. Sahani za plau hazifiki kina cha kiwiko, kwa hiyo bangili ingekuwa bado mahali pake. Nikamwambia Jumapili nikitoka ibadani tutakwenda. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Shamba lilikuwa limelimwa, linangoja mbegu. Kisiki kilikuwepo bado pembeni, mama akanionyesha eneo la boma, si kubwa. Nikaanza kupitisha mashine. Ikalia. Hatua mbili, ikalia tena. Loo! Trekta zilikuwa zimemwaga vyuma pale kama mtu anayepanda. Nikachomeka kijiti kila ilipolia, vijiti tisa, na sauti ikaanza kufifia masikioni kwa sababu betri zilikuwa zinakwisha. Nikaizima. Nikasema nichimbe tu, macho yapo.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu maharage huyapigi pale ulipoyang'oa. Unayabeba yote mpaka uwanja mmoja, unayapiga pamoja, unapepeta pamoja, kazi inakwenda. Mimi nikatandaza turubai la karakana katikati ya vile vijiti, nikamkalisha mama pale na chekeche. Nikachimba shimo la kwanza mpaka kiwiko, nikajaza karai, nikamwaga. La pili, nikamwaga. Nilitoka jasho, nikapiga mluzi. Mama alichekecha bila kuinua kichwa. Nati. Kipande cha mnyororo. Nati tena. Shimo la tisa lilipokwisha, nilikuja kumsaidia kumalizia lile lundo.

Nikasikia anavuta pumzi. Kwenye chekeche kulikuwa na kitu cha mviringo, shaba iliyogeuka kijani, kimepinda kidogo. Alikifuta kwa kanga, akakigeuza, akakitambua. Machozi yalimtoka, nami moyo ulinienda mbio kwa furaha, nikapiga makofi mawili kama mpumbavu.

Akasimama. Akayatazama mashimo, moja baada ya jingine.

"Lipi?" akauliza.

Nikatazama lundo, nikatazama mashimo. Yote tisa kina kimoja, yote meusi, yote yamechimbwa vizuri na mimi. Nikakimbilia mashine nikaivaa, nikaipitisha hili na hili, na hata ingekuwa na betri ingesikia nini, wakati shaba yenyewe mama alikuwa ameishika mkononi?

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nisamehe, mama, sijui."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alipiga magoti kwenye turubai, akaweka kiganja juu ya udongo, akauliza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili:

"Na yeye... yumo humu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nikashika sepetu nirudishe udongo. Akanizuia. Aliuchota mwenyewe kwa mikono, akaupeleka shimo la kwanza, akarudi, shimo la pili, akarudi, akigawa sawasawa kama anayegawia watoto chakula, asionewe hata mmoja. Jua lilikuwa limeshuka alipomaliza. Bangili akabaki nayo, hakujua aiweke wapi.

Wiki ile ile mashine za kupandia zilipita. Mama aliendelea kutuletea maziwa, nami nikamwamkia kama kawaida. Lakini wenzangu walianza kumcheka, wakiniuliza kwa nini yule mama siku hizi halikatizi shamba, anazunguka njia ndefu ya pembeni kote, na kibuyu kizito kichwani. Niliwaambia sijui.